Mashabiki wa saa wanavyosoma hesabu za Christopher Ward

Kila mwaka, Desemba inapokaribia, wapo wapenzi wa saa za mkono nchini Uingereza na Marekani ambao hungoja kwa hamu stakabadhi ambayo kwa kawaida husomwa na wahasibu na maafisa wa benki pekee. Stakabadhi hiyo ni hesabu za mwaka za Christopher Ward, kampuni ya saa yenye makao yake katika mji wa Maidenhead, magharibi mwa London.

Wengi wao hawana hata hisa moja katika kampuni hiyo, wala hawawezi kuzinunua, kwa kuwa ni kampuni ya kibinafsi isiyouza hisa zake sokoni. Walicho nacho ni saa. Hata hivyo, hujadiliana kuhusu mauzo, faida na madeni ya kampuni hiyo kwa bidii ambayo wanahisa wa makampuni mengine hawana.

Sababu si udadisi mtupu. Saa ya kamani, tofauti na ile ya betri, ni mtambo wa vyuma vidogo vinavyosuguana usiku na mchana. Baada ya miaka kadhaa lazima ifunguliwe na fundi, isafishwe, itiwe mafuta na kubadilishwa vipuri vilivyochakaa. Mnunuzi anayelipa pauni elfu moja au tatu huwa ananunua pia ahadi kwamba aliyeitengeneza atakuwapo siku hiyo ikifika.

Christopher Ward huandika ahadi hiyo waziwazi. Humpa mnunuzi siku 60 za kurudisha saa akibadili nia, na dhamana ya miezi 60 kwa mtambo wake. Miezi 60 ni miaka mitano, na dhamana ya miaka mitano huwa na thamani iwapo tu kampuni iliyoitoa itaishi miaka mitano. Hapo ndipo shabiki anapoanza kupekua hesabu.

Kampuni yenyewe ni changa kwa viwango vya biashara ya saa, ambako majina mengi hujivunia karne mbili. Ilianzishwa mwaka 2004 na Mike France, Peter Ellis na Christopher Ward, ambaye jina lake ndilo lililochaguliwa. Saa zake za kwanza ziliuzwa mwaka 2005, kupitia intaneti pekee, kutoka banda la kuku lililokarabatiwa katika shamba moja la Berkshire. Wakati huo wauzaji wengi wa saa za Uswisi waliamini kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu angenunua saa ya bei asiyoishika kwanza mkononi.

Wateja wa mwanzo ndio waliowakosoa wauzaji hao. Walinunua, wakapimana saa zao, wakalalamika hadharani palipokuwa na kasoro na kusifu palipostahili. Kwa miaka mingi kampuni haikuwa na njia kubwa ya kujitangaza kuliko vinywa vya watu hao, na ndiyo maana hadi leo huizungumzia kama mtu anavyozungumzia timu ya mtaani kwao iliyopanda daraja.

Mwaka 2014 iliungana na Synergies Horlogères, kampuni ya mji wa Biel, Uswisi, iliyokuwa ikiiundia saa. Mwaka huo huo ilitoa mtambo wake yenyewe, SH21, unaoweza kwenda kwa saa 120 bila kujazwa. Kwa kampuni ya umri wa miaka kumi, hilo lilikuwa jambo la kushangaza.

Je, mtu wa kawaida huzipataje hesabu za kampuni isiyo sokoni? Msomaji wa Kenya amezoea kuona matokeo ya kifedha ya makampuni yaliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi yakichapishwa magazetini. Nchini Uingereza sheria huenda mbali zaidi. Kila kampuni yenye dhima ya kikomo, iwe kubwa au ndogo, lazima iwasilishe hesabu zake kwa Msajili wa Makampuni, na yeyote anaweza kuzisoma bila kulipa chochote.

Kampuni ya kibinafsi hupewa miezi tisa baada ya kufunga mwaka wake wa fedha. Christopher Ward hufunga mwaka mwishoni mwa Machi, hivyo siku ya mwisho ya kuwasilisha huwa Desemba 31. Anayezisoma wakati huo anasoma habari zilizokwisha kuzeeka miezi tisa, jambo ambalo mashabiki wengi husahau wanaposherehekea au kuomboleza.

Isitoshe, kampuni ndogo huruhusiwa na sheria kuficha hesabu ya faida na hasara na kuonyesha mizania peke yake. Kwa miaka mingi kiwango cha kuitwa ndogo kilikuwa, pamoja na masharti mengine, mauzo yasiyozidi pauni milioni 10.2 kwa mwaka. Kampuni inapokua na kuvuka kiwango hicho, pazia hufunguka: mauzo, faida ghafi, mishahara na ushuru vyote huonekana. Kukua kwa Christopher Ward kumewapa mashabiki takwimu nyingi zaidi za kubishania.

Takwimu zilizozua mjadala mkubwa zilitokana na saa moja. Mnamo Novemba 2022 kampuni ilizindua C1 Bel Canto, saa yenye kengele ndogo inayolia kila saa inapotimia. Saa za kengele za aina hiyo zilikuwa zimezoeleka kuuzwa kwa makumi ya maelfu ya pauni, lakini hii iliuzwa kwa takriban pauni 3,000. Toleo la kwanza la saa 300 lilikwisha kabla ya siku moja kutimia. (Kengele hulia mara moja tu bila kuhesabu, hivyo hata sisi tunaohesabu saa kuanzia mapambazuko hatuna la kuilaumu.) Novemba 2023 saa hiyo ilishinda tuzo ya Petite Aiguille katika mashindano ya Grand Prix d'Horlogerie de Genève, ambayo ndiyo yanayoheshimiwa zaidi katika fani hiyo.

Mauzo ya kampuni yalipanda kutoka takriban pauni milioni 17 katika mwaka uliokamilika Machi 2023 hadi zaidi ya pauni milioni 30 katika mwaka uliofuata. Ni ongezeko la karibu asilimia 80, katika kipindi ambacho biashara ya saa za Uswisi kwa jumla ilianza kupoa. Mauzo ya saa za Uswisi katika nchi za nje yalifikia kilele cha faranga bilioni 26.7 mwaka 2023, kisha yakateremka hadi takriban bilioni 26 mwaka 2024.

Hapa ndipo anayesoma kwa pupa hukosea. Bel Canto ilizinduliwa Novemba 2022, ndani ya mwaka uliokamilika Machi 2023. Mbona basi kishindo chake kilionekana zaidi mwaka uliofuata? Jibu limo katika kanuni ya uhasibu ambayo kila mwenye duka angefaa kuijua. Fedha za mteja aliyeagiza saa ambayo haijamfikia si mauzo. Ni arbuni, na kampuni huiandika miongoni mwa madeni yake, kwa sababu inamdai bado kumtumia mteja saa yake. Saa inapokabidhiwa, ndipo deni linapofutwa na fedha kuingia kwenye mauzo.

Kwa hivyo mizania ya kampuni inayouza kwa kuagiza mapema huweza kuonyesha fedha nyingi benki na madeni mengi kwa wakati mmoja. Shabiki anayetazama fedha hizo pekee huona utajiri. Anayetazama madeni pekee huingiwa na hofu. Wote wawili wanatazama kitu kimoja. La kupima ni iwapo saa zinawafikia walioziagiza kwa wakati, kwa kuwa arbuni za wateja zikianza kutumiwa kulipia gharama za jana badala ya saa za kesho, hapo pana hatari.

Safu nyingine inayozua ubishi ni ya bidhaa zilizo ghalani. Kampuni kama hii hununua mitambo mingi kutoka kwa Sellita ya Uswisi, na lazima iagize miezi mingi kabla, pamoja na nyuso, akrabu, vioo na mikanda. Ghala linapojaa kuliko mwaka uliotangulia, huenda kampuni inajiandaa kwa mauzo makubwa, au huenda kuna saa zisizotakiwa zinazopigwa vumbi. Hesabu hazisemi ni lipi kati ya hayo. Hapo shabiki humshinda mhasibu, kwa sababu anajua ni saa gani zimekuwa zikiuzwa kwa bei ya kutupwa na zipi zina foleni.

Faida ghafi nayo huchunguzwa kwa jicho kali, kwa sababu kampuni hujigamba kwamba bei zake ni takriban mara tatu ya gharama ya kutengeneza, ilhali majina makubwa huzidisha maradufu ya hapo. Tuchukue mfano wa saa inayouzwa Uingereza kwa pauni 1,200. Serikali huchukua pauni 200 za ushuru wa ziada ya thamani, na pauni 1,000 hubaki kwa kampuni. Gharama ikiwa 400, zinabaki 600 za kulipia wafanyakazi, matangazo, usafirishaji, kodi ya pango na marekebisho ya dhamana. Kampuni isiyo na wauzaji wa kati hubaki na sehemu ambayo wangechukua, lakini pia hubeba kazi ambazo wangefanya.

Mfano wa Bremont ndio unaotajwa mara nyingi kuonyesha njia nyingine. Kampuni hiyo, pia ya Uingereza, ilianzishwa mwaka 2002 na ndugu wawili, Nick na Giles English. Ilichagua kujenga kiwanda nyumbani, jengo lililofunguliwa Henley mwaka 2021, na kuuza kupitia maduka ya vito. Januari 2023 ilipata mtaji wa pauni milioni 48.4, huku mwekezaji Bill Ackman wa Marekani akiwa miongoni mwa waliotoa fedha hizo. Baadaye hesabu zake zilionyesha hasara ya mamilioni ya pauni. Si haki kuilinganisha moja kwa moja na jirani yake, kwani kiwanda hugharimu leo na kulipa baadaye, lakini mashabiki huilinganisha hata hivyo.

Afadhali hao wana cha kusoma. Rolex, jina kubwa kuliko yote, humilikiwa na wakfu wa Hans Wilsdorf na haichapishi matokeo yake ya kifedha. Takwimu zinazotajwa kila mwaka kuhusu mauzo yake, ambazo hivi karibuni zimepita faranga bilioni 10, ni makadirio ya wachanganuzi wa benki ya Morgan Stanley na kampuni ya LuxeConsult.

Katika mijadala yote hii, kinachowagawanya wateja wa zamani si iwapo kampuni inapata faida bali faida hiyo inatoka wapi. Aliyenunua saa ya pauni 200 wakati wa banda la kuku anaona bei zikipanda na anauliza kama bado kampuni inamtaka. Mwenzake humjibu kwamba bila saa ya pauni 3,000 hapangekuwa na fedha za kuajiri mafundi wa kumtengenezea ile ya 200 inapoharibika. Kwa maoni yetu wa pili ana hoja yenye nguvu zaidi, ingawa wa kwanza ndiye aliyelipia msingi wa nyumba.

Mtihani uliofuata ulitoka ng'ambo. Marekani ni soko muhimu mno kwa Christopher Ward, na saa zake huundwa Uswisi. Agosti 7, 2025 serikali ya Marekani ilianza kutoza bidhaa za Uswisi ushuru wa forodha wa asilimia 39, kabla ya makubaliano ya Novemba mwaka huo kuupunguza hadi asilimia 15. Miezi hiyo mitatu iko ndani ya mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025, na ndiyo safu ambayo mashabiki watakimbilia kwanza hesabu za mwaka huo zikifunguliwa.