The Magic Garden (filamu ya 1951)

The Magic Garden ni filamu ya vichekesho ya rangi nyeusi na nyeupe kutoka Afrika Kusini. Iliongozwa na Mwingereza Donald Swanson, aliyekwisha kuongoza Jim Comes to Jo'burg (1949), na kupigwa picha katika kitongoji cha Alexandra, Johannesburg, kwa waigizaji Waafrika. Nchini Marekani ilionyeshwa kwa jina la Pennywhistle Blues.

Kisa

Paundi 40 zilizotolewa kanisani zinaibwa na mwizi (Tommy Ramokgopa), ambaye anakimbizwa na kuzificha bustanini. Mama maskini anaziokota kwenye mboga zake na kuamini dua yake imejibiwa. Analipa madeni dukani, na kutoka hapo fedha zinapita mkono hadi mkono, zikimwokoa huyu na kuzua kizaazaa nyumbani kwa yule, huku mwizi akizifuata hatua kwa hatua. Mzunguko huo umesukwa kwa ustadi wa hali ya juu: shilingi haipotei bila kufanya kazi.

Muziki

Hapa ndipo filamu ilipoacha alama kubwa. Kijana wa Alexandra, Willard Cele, anapiga filimbi ya bati, chombo cha bei nafuu kilichopendwa na watoto wa mitaani. Aliishika kiubavu mdomoni, mtindo uliozaa sauti nzito na kumwezesha kupinda noti atakavyo. Vijana waliomwona wakamwiga, na muziki wa filimbi ukaenea pembezoni mwa barabara za Johannesburg. Mpiga filimbi Spokes Mashiyane alianza kurekodi mwaka 1954. Ulipofika 1958, wimbo Tom Hark wa Elias Lerole na wenzake ulikuwa umepanda hadi nafasi ya pili Uingereza. Muziki huo ndio kwela. Cele mwenyewe alifariki akiwa bado kijana, kabla ya kuyaona mavuno hayo.

Waigizaji

Dolly Rathebe (1928–2004), mwimbaji mahiri wa kitongoji cha Sophiatown, Johannesburg, ndiye nyota anayekumbukwa zaidi.

Mazingira

Ubaguzi wa rangi ulikuwa sera ya serikali tangu 1948, lakini filamu haiutaji. Inaionyesha Alexandra, mahali adimu ambapo Waafrika waliweza kumiliki ardhi, kama mtaa wenye majirani, duka na kanisa lake.

Afrika Mashariki

Tanganyika nayo ilikuwa na filamu za aina hiyo: Rashidi Kawawa, baadaye Waziri Mkuu, aliigiza katika Muhogo Mchungu (1952).