Mpira wa intakula

Mpira wa intakula ni bomba fupi la mpira au silikoni linalounganisha turbo, intakula na injini katika magari ya dizeli, hasa malori makubwa. Hupitisha hewa iliyogandamizwa bila kuvuja, na pia hustahimili mtikisiko, kwa kuwa injini hutikisika wakati intakula imefungwa kwenye chesisi.

== Kazi ==
Turbo hugandamiza hewa ili oksijeni nyingi zaidi iingie katika silinda. Hewa ikigandamizwa hupata joto. Katika lori lenye mzigo linaweza kuzidi nyuzi 150 za Selsiasi. Kwa sababu hiyo hewa hupozwa kwanza katika intakula, ambayo kwa kawaida hukaa mbele ya rejeta. Mpira unaotoka turbo kwenda intakula huitwa wa upande wa moto. Unaotoka intakula kwenda injini ni wa upande wa baridi.

== Karatu na Ngorongoro ==
Katika wilaya hizi za Mkoa wa Arusha mipira hiyo hufanya kazi ngumu. Mto wa Mbu uko takriban mita 960 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo barabara hupanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi mji wa Karatu, kwenye takriban mita 1,500, kisha baada ya lango la Lodoare hupanda msituni hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200. Huko juu kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban robo ikilinganishwa na pwani, hivyo turbo hufanya kazi zaidi. Lori hupanda polepole kwa gia ndogo, na upepo wa kupoza intakula huwa kidogo. Malori ya vitunguu kutoka Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, nayo hupanda kuelekea Karatu yakiwa yamejaa.

== Dalili za kuvuja ==
Mpira ukipasuka mlimani, nguvu hupotea ghafla na moshi mweusi hutoka, kwa sababu dizeli hukosa hewa ya kuunguzia. Dereva akizidi kukanyaga mafuta, joto la eksozi hupanda na linaweza kuharibu turbo, valvu au pistoni. Ufa mdogo ni hatari zaidi kwa mfuko wa mwenye gari: husikika kama filimbi tu, hula dizeli kwa miezi, na mara nyingi nozeli na pampu hufunguliwa bure.

Wengi hudhani kwamba vumbi jekundu la Karatu huingia injini kupitia ufa huo. Gari likivuta mzigo, hewa hapo husukumwa nje. Njia ya vumbi ni mpira mwingine, ule ulio kati ya chujio la hewa na turbo, ambao hunyonya.

== Kuchagua ==
Kwa upande wa moto hufaa silikoni yenye matabaka ya kitambaa imara ndani yake. Mpira wa rejeta haufai hata ukienea, kwani haukutengenezwa kwa joto hilo. Rangi ya buluu au nyekundu si uthibitisho wa silikoni. Silikoni ya kawaida hudhoofishwa na oili. Turbo inayovuja oili itengenezwe kwanza, au ununuliwe mpira wenye tabaka la ndani la fluorosilikoni. Kipenyo cha ndani hupimwa kwa milimita na lazima kilingane na bomba. Mpira wa asili ukiwa na pete za chuma, mbadala wake uwe nazo pia, la sivyo utavimba.

== Matunzo ==
Klipu ziwe pana, zenye bolti na springi. Klipu nyembamba hukata mpira. Ncha za bomba hufutwa oili na vumbi kabla ya kufunga. Kupaka grisi ili mpira uingie kwa urahisi ni kosa, maana huchomoka kwa urahisi uleule. Mpira usigusane na chuma chochote. Ukiwa laini kupita kiasi, umevimba au una nyufa, hubadilishwa.

Kuvuja hutafutwa kwa maji ya sabuni injini ikizungushwa kwa kasi, au kwa kuziba ncha na kujaza upepo wa pauni 30 hivi. Vizibo hivyo hufungwa kwa mnyororo, kwani vikifyatuka vinaweza kumjeruhi fundi.

Njiani, ufa wa upande wa baridi unaweza kufungwa kwa vipande vya tyubu hadi gereji iliyo karibu, kwa mwendo wa taratibu. Upande wa moto tyubu haidumu.