Njia za Msitu wa Karura: Ni Wajibu wa Nani Kuzitunza?



Katika kurasa zilizotangulia mmekwisha kusoma habari za fedha za Chama, za misaada ya matanga na matibabu, na za karo za watoto wetu. Hapa twaomba ruhusa yenu tuongeze kurasa chache za historia, juu ya jambo ambalo kwa kulitazama juu juu laonekana dogo, nalo ni utunzaji wa njia za matembezi katika Msitu wa Karura, hapa Nairobi. Wengi wetu huenda huko Jumapili baada ya ibada, pamoja na jamaa zetu, kupumzika na kupata hewa safi. Na mara nyingi tumemsikia mwenzetu, akikwepa dimbwi au akiruka mti ulioanguka njiani, akisema, "Mbona hawatengenezi?" Neno hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Je, hao wasiotengeneza ni akina nani? Na sisi tunaopita, tumo katika hesabu yao au hatumo?

Wazee mtatushuhudia kwamba zamani swali hili halikuulizwa. Njia ya kwenda mtoni au sokoni ilikuwa ya wote walioipita, na kazi kubwa zilifanywa kwa kusaidiana. Wakikuyu waliita ngwatio, Wakamba waliita mwethya. Aliyesaidiwa leo alijua kwamba kesho ni zamu yake kusaidia, wala hakuhitaji barua ya kumkumbusha.

Ilipokuja serikali ya kikoloni, mambo yaligeuka. Sheria ya Wakuu wa Vijiji ya mwaka 1902 iliwapa wakuu hao, pamoja na kazi ya kulinda amani, kazi ya kuangalia njia za umma. Sheria ya mwaka 1912 ikaendeleza mamlaka ya kuwaita watu kwenye kazi za namna hiyo. Tangu hapo, kufyeka njia kukawa amri. Mtu alitoka na jembe lake bila ujira, na mara nyingi njia yenyewe ilikuwa ya kupitisha gari la afisa ambalo yeye hatalipanda maisha yake yote. Manung'uniko yalikuwa mengi. Mwaka 1947 huko Murang'a, wakati huo ikiitwa Fort Hall, watu walikataa wanawake wao waendelee kulazimishwa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Matuta yalikuwa na faida, lakini kazi njema ikifanywa kwa kulazimishwa huacha chuki. Twaona kwamba chuki hiyo imetuachia urithi mbaya, yaani fikira kwamba kitu cha umma ni cha serikali, na kazi yake ni ya serikali, na raia mwenye akili ni yule anayeikwepa.

Sasa na tuingie Karura. Msitu huu, ambao ukubwa wake wazidi kidogo hekta 1,000, ulitangazwa kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1932. Njia zilizokuwamo hazikukatwa kwa ajili ya matembezi. Zilikuwa za kazi, za kupandia miti na kutolea mbao na kuni. Mwenye kuzitunza alikuwa ofisa wa misitu na vibarua wake. Miaka ilipopita na kazi ikapungua, njia nazo ziliachwa. Majani yakafunika, kichaka cha lantana kikasonga pande zote mbili, na watu wema wakaogopa kupita. Wezi walipata maficho, na wakataji wa miti walifanya walivyotaka. Hata jina la Karura likawa jina la kutishia watoto.

Yatupasa kusimama hapa kidogo, maana ndipo lilipo fundisho. Watu wema walipoacha kupita, pengo lao halikukaa tupu. Mwaka 1998 ilijulikana kwamba sehemu za msitu zimegawiwa watu binafsi ili wajenge majumba, na miti ikaanza kukatwa. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyekuwa ameanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, aliongoza watu kupinga. Tarehe 8 Januari 1999 alikwenda na wenzake kupanda mti, wakashambuliwa na kundi la walinzi, na yeye akajeruhiwa kichwani. Habari hizo zilienea duniani, na wanafunzi wa vyuo vikuu wakaandamana. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Majengo yale hayakusimama. Mwaka 2004 Profesa Maathai alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani, na mwaka 2011 akafariki dunia. Kila tupitapo chini ya mihugu na mitamaiyu ya Karura, twapita mahali palipokombolewa kwa damu ya mtu.

Lakini kuukomboa msitu ni jambo moja, na kuutunza ni jingine. Baada ya mwaka 1999 msitu ulibaki wa umma, ila hatari zake zilibaki vile vile. Mageuzi yaliletwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, iliyounda Shirika la Huduma za Misitu na kuwapa wananchi ruhusa ya kuunda vyama vya kusaidia kuhifadhi msitu ulio karibu nao. Miongoni mwa haki ambazo chama cha namna hiyo chaweza kupewa kwa mapatano ni shughuli za utalii na burudani. Sheria mpya ya mwaka 2016 imeendeleza mpango huo. Tena Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 69, yasema kwamba kila mtu ana wajibu wa kushirikiana na vyombo vya Dola na watu wengine katika kuhifadhi mazingira. Tafadhali angalieni, haikusema kila ofisa. Imesema kila mtu.

Kwa msingi wa sheria hiyo, Marafiki wa Msitu wa Karura waliingia kazini pamoja na Shirika la Huduma za Misitu. Ua wa umeme ulijengwa kuuzunguka msitu. Vijana wa kijiji cha Huruma, kilicho kando ya msitu, walifundishwa wakawa walinzi, na hivyo wale ambao zamani walitazamwa kama wezi wa kuni wakawa wenye kulinda. Lantana iling'olewa na miti ya asili ikapandwa. Tangu mwaka 2011 milango ilifunguliwa kwa matembezi, na mgeni akalipa ada langoni. Njia zikafikia zaidi ya kilomita 50, za watembeao kwa miguu, za wakimbiaji na za baiskeli, kupita kwenye maporomoko ya maji na mapango. Mahali alipoogopa kupita mwanamume mwenye rungu, sasa mama apita na mtoto mgongoni.

Huenda mwanachama akauliza, njia ya msituni yataka kazi gani, na haina lami? Twajibu kwamba adui wa njia ni maji. Mvua za masika na za vuli zikianguka juu ya udongo wetu mwekundu, maji hutafuta mteremko, na njia iliyokanyagwa ndiyo mteremko ulio tayari. Yakipata mwanya, huchimba mfereji katikati ya njia. Mpitaji hukwepa tope na kukanyaga majani ya kando. Wa pili hufuata nyayo zake. Baada ya miezi michache njia ya hatua mbili imekuwa ya hatua sita, na mizizi ya miti iko wazi. Ndiyo maana hapana budi mifereji ya kando izibuliwe kabla ya mvua, vizuizi vya mawe au magogo vilazwe mshazari kuyatoa maji njiani, changarawe imwagwe penye tope, madaraja ya mbao yakaguliwe, na matawi yakatwe. Kazi hizi si kubwa zikifanywa kwa wakati wake. Zikiachwa, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi wajibu umegawanyika. Shirika la Huduma za Misitu ndilo mwangalizi wa ardhi kwa niaba ya wananchi. Ni juu yake kulinda mipaka, kutoa ruhusa na kusimamia sheria. Chama cha wananchi ni mikono na macho. Chaleta kazi, fedha na ukumbusho. Na mpitaji naye ana fungu lake. Asikate kona, asitupe chupa, asiendeshe baiskeli mahali palipokatazwa, na akiona daraja limeoza akatoe habari langoni kabla mguu wa mtoto haujatumbukia. Tumewasikia wengine wakisema, "Nimelipa ada, yatosha." Lakini mtu alipaye karo hajamaliza kumlea mtoto.

Juu ya ada hiyo pametokea ubishi ambao yafaa wanachama waujue. Mwezi wa Agosti mwaka 2025, Shirika la Huduma za Misitu lilitangaza kwamba malipo ya kuingia Karura yafanywe kwa mtandao wa serikali wa eCitizen. Marafiki wa Karura walipinga, na shauri likafikishwa mahakamani. Sisi si mahakimu, wala hatutaki kuamua kesi katika kijitabu cha chama cha kusaidiana. Twataka tu kueleza uzito wa kila upande. Upande mmoja waweza kusema kwamba fedha za mahali pa umma ni fedha za umma, na zapasa kuonekana katika hesabu za umma. Hilo ni kweli. Upande wa pili waweza kusema kwamba mvua haingoji hundi itoke afisini. Fedha zikienda mbali na njia, huchelewa kurudi, na mlinzi asiyelipwa mshahara halindi. Hilo nalo ni kweli. Sisi tuliozoea daftari za Chama twajua msemo huu: mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini twajua pia kwamba daftari peke yake haizibui mfereji. Mpango wowote utakaokubaliwa na upimwe kwa maswali mawili: je, hesabu yasomeka na kila mwananchi? Na je, daraja lililovunjika Jumatatu litatengenezwa kabla ya mwezi kwisha?

Wala msidhani kwamba taabu hii ni yetu peke yetu. Huko Marekani iko njia ya miguu iitwayo Appalachian Trail, yenye urefu wa kilomita 3,500 hivi. Benton MacKaye aliitoa fikira hiyo mwaka 1921, na njia ikakamilika mwaka 1937. Mwaka 1968 sheria ya nchi iliiweka chini ya ulinzi wa serikali. Hata hivyo, utunzaji wa kila siku haukuachiwa watumishi wa serikali peke yao. Vyama vya wananchi vya kujitolea viligawana njia vipande vipande, na kila chama chajua kipande chake kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Njia ikiharibika, lawama haitawanyiki hewani. Yajua mlango wa kubisha. Na wale wajitoleao hawakuitwa kwa kiboko cha mkuu wa kijiji. Hiyo ni ngwatio, ingawa wao hawalijui jina hilo.

Kwa hiyo, Wazee na ndugu, twaleta mbele yenu mapendekezo matatu ili yazungumzwe katika mkutano mkuu. La kwanza, Chama chetu kimwandikie ofisa wa msitu, pamoja na Marafiki wa Karura, kuomba ruhusa ya kusaidia kutunza kipande kimoja cha njia, hata kikiwa kifupi, kwa mashauri yao na si kwa kujiamulia wenyewe. La pili, siku mbili kwa mwaka, moja kabla ya masika na moja kabla ya vuli, zitengwe kwa kazi hiyo, na vijana waende pamoja na wazee wenye nguvu, kila mtu kwa hiari yake. La tatu, habari za kazi hiyo ziandikwe katika taarifa ya kila mwaka, karibu na hesabu za fedha, ili watakaotufuata wajue tulichokifanya na tulichokiacha.

Twajua yupo atakayesema kwamba Chama kiliundwa kuzikana na kusomesha, wala si kufyeka msitu. Tunaiheshimu hoja hiyo. Lakini tunaposaidiana katika msiba, huwa tunakiri kwamba mzigo wa mmoja ni wa wote. Msitu wa Karura ulikaribia kupotea kwa sababu kila mtu alidhani una mwenyewe mwingine. Ulipopata watu wa kusema "ni wetu", uliokoka. Hatutaki watoto wetu waje kutuuliza njia ile ilikwenda wapi, nasi tujibu kwamba tulikuwa tukingojea watengeneze.