Somo la Jiografia na Historia: Tuufuate Mto Ruaha Mkuu

Leo tutajifunza kusoma ramani, lakini si kwa kutaja majina ya miji tu. Tutaufuata mto mmoja wa Nyanda za Juu Kusini, Ruaha Mkuu, tuone jinsi ramani inavyoweza kutueleza asili ya ugomvi wa watu.

Tandaza ramani ya Tanzania mezani, kaskazini ikiwa juu. Kwanza tazama kipimo chake. Ikiwa sentimeta 1 ni kilometa 20, weka rula kutoka Mbeya hadi Iringa. Utapata karibu sentimeta 14, yaani kilometa 280. Lakini dereva wa basi atakuambia kuwa safari ni kilometa 330 hivi. Nani msema kweli? Wote wawili. Rula hukata moja kwa moja, bali barabara huzunguka upande wa kusini kupitia Makambako, ikiliacha bonde la Usangu.

Sasa tazama rangi. Kusini ya bonde hilo utaona kahawia iliyokolea: ni milima ya Poroto na Kipengere. Kumbuka kanuni hii: ukipanda meta 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Upepo wenye unyevu ukipanda mlima hupoa, nao hudondosha mvua. Ndiyo maana Tukuyu, iliyo upande wa Ziwa Nyasa, hupata zaidi ya milimeta 2,000 kwa mwaka, na Usangu, iliyo nyuma ya milima, mara nyingi haifiki 700.

Basi Usangu huishi kwa maji ya milimani. Mito ya Mbarali, Kimani na Chimala hushuka kutoka kusini; Ndembera huja kutoka upande wa Iringa. Maji hukusanyika katika kinamasi cha Ihefu, ambacho ni kama mtungi. Mdomo wake ni mwamba wa Ng'iriama. Maji yakishuka chini ya mwamba huo, hayatoki tena. Na huko chini wako wanaoyangoja: wanyama wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, bwawa la Mtera, mitambo ya umeme ya Kidatu, na mwisho Mto Rufiji.

Sasa tuje kwenye historia. Wakati wa utawala wa Waingereza, Wabaluchi waliohamia Usangu walichimba mifereji na kulima mpunga. Katika miaka ya 1970 Serikali, kwa msaada wa China, ilianzisha shamba kubwa la Mbarali. Baadaye likafuata la Kapunga, na wakulima wadogo wakaongeza mifereji yao. Wafugaji nao waliingia na ng'ombe wengi. Huko chini, Kidatu ilianza kutoa umeme mwaka 1975.

Mwaka 1993 mto ulikatika kiangazi ndani ya hifadhi, na tangu hapo umekuwa ukikatika kila mara. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kuwa ifikapo 2010 mto utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 wafugaji walianza kuondolewa Usangu pamoja na mifugo yao, na mwaka 2008 sehemu ya bonde ilitiwa katika hifadhi. Mwaka 2010 ukafika, ukapita. Mto uliendelea kukauka.

Kwa nini? Chukua kalamu tufanye hesabu. Ng'ombe mmoja hunywa kama lita 40 kwa siku. Shamba la mpunga la hekta 1 likipoteza milimeta 5 tu za maji kwa siku kwa jua, hizo ni lita 50,000. Hayo yangewatosha ng'ombe 1,250! Watafiti waliopima mifereji nao walieleza kuwa sababu kubwa ilikuwa maji yanayoendelea kutolewa mitoni wakati wa kiangazi.

Hatusemi kwamba ng'ombe hawana madhara. Kwato zao hukanyaga kinamasi. Wala hatusemi mpunga uachwe, maana wali wa Mbeya hulisha miji mingi. Tunasema hivi: kabla ya kumtoza mtu kosa, pima. Aliyehamishwa na mali yake yote alistahili hesabu hiyo ifanywe kwanza.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi chenu:
1. Chora mto ulio karibu nanyi. Nani yuko juu yenu, na nani yuko chini?
2. Mfereji wenu hufungwa lini? Maji yanayobaki baada ya mavuno huenda wapi?
3. Mngegawaje maji ya Septemba kati ya mkulima, mfugaji na mtambo wa umeme?

Andikeni majibu, myahifadhi, mkayatazame tena kiangazi kikija.