Kima, Mbu na Migomba

Mto Semliki watoka katika ziwa Edward, wapita chini ya milima ya Ruwenzori katika nchi ya Beni, kisha wawa mpaka wa Kongo na Uganda. Ng'ambo yake ni Bwamba, ambayo leo ni wilaya ya Bundibugyo. Huku na huku watu hulima migomba kando ya msitu. Basi, habari ya Bwamba yawahusu pia watu wa Beni, na wale wa Butembo washukao huko kwa kilimo na biashara.

Mwaka 1936 shirika la Rockefeller la Marekani lilianzisha kituo huko Entebbe cha kuchunguza homa ya manjano. Wataalamu walipopima damu ya watu wa Bwamba, waliona kwamba wengi walikwisha ipata homa hiyo, ijapokuwa hapakusikika habari ya tauni. Mwaka 1941 walipata virusi vyenyewe katika damu ya mtu mmoja. Vilitoka wapi?

Wakaenda kuwauliza kima. Kima hasemi, lakini damu yake husema. Walichukua majimaji ya damu yake, wakayachanganya na virusi, wakawadunga panya. Panya wakifa, kima yule hakuambukizwa kamwe. Wakiishi, alikwisha ambukizwa akapona, na damu yake ina kinga. Kima wengi wa msituni walikuwa nayo.

Ndipo Alexander Haddow, Mskoti, na wenzake walipojenga madungu juu ya miti, wakaweka watu wa kukamata mbu usiku na mchana. Waligundua kwamba mbu aitwaye Aedes africanus huuma huko juu, hasa mara jua likiisha kuchwa, kima wakiwa wamepanda kulala. Huyo hueneza homa kati ya kima na kima. Kukicha, kima hushuka kuiba ndizi. Na katika migomba yumo mbu mwingine, Aedes simpsoni, azaliwaye katika maji kidogo yanayotuama kati ya jani na shina. Huyo humwuma mwizi, kisha humwuma mwenye shamba.

Mwaka 1947 waliweka kima wa Asia, aitwaye rhesus, katika vizimba juu ya miti ya msitu wa Zika, karibu na Entebbe, wakawapima joto kila siku. Mmoja akashikwa na homa. Haikuwa homa ya manjano, bali virusi vipya, vikaitwa Zika. Mwaka 2015 na 2016 virusi hivyo viliwadhuru watoto wengi matumboni mwa mama zao huko Brazili.

Mtu asiseme, basi tuwaue kima. Aletaye homa kwetu ni mbu. Tena kumchinja kima na kushika damu yake kwaweza kuleta magonjwa mengine. Kima ni shahidi. Ukimwua shahidi, nani atakupa habari? Kinga ya mkulima ni chanjo iliyotengenezwa na Max Theiler na wenzake mwaka 1937: sindano moja yatosha kwa maisha. Kima apelekewe mtaalamu wa kumpima. Sisi twende tukachanjwe kabla homa haijafika migombani.