Lengo la Mhusika na Mwenye Kulihesabu: Nyamgondho na Michezo ya Maandishi ya Kompyuta

Suala la lengo la mhusika lina historia ndefu katika uhakiki wa ngano. Vladimir Propp, katika utafiti wake wa ngano za Kirusi uliochapishwa mwaka 1928, alionyesha kwamba msuko huanzishwa na dhara au upungufu fulani, kisha husonga mbele hadi upungufu huo uondolewe. Mtazamo huu una manufaa, lakini umewazoesha wahakiki kuandama haja ya mhusika mmoja, yaani shujaa. Makala haya yanakusudia kulinganisha sigana za Waluo wa Homa Bay na michezo ya kuigiza wahusika kwa maandishi katika kompyuta, ili kubainisha kwamba haitoshi kuuliza mhusika anataka nini. Sharti iulizwe pia ni nani anayeweka hesabu ya lengo hilo.

Katika michezo hiyo, hesabu ni jambo la wazi. Mwaka 1978, Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, alianza kuunda MUD, ambamo wachezaji kadhaa waliingia kwa pamoja katika ulimwengu uliojengwa kwa maneno tu. Mwenzake, Richard Bartle, aliuendeleza. Mhusika aliongezewa alama kwa hazina alizozipata, na aliyefikisha kiwango kilichowekwa alifanywa mchawi mwenye mamlaka juu ya ulimwengu huo. Lengo liliwekwa na mtunzi, hesabu ikawekwa na mashine. Mwaka 1989, James Aspnes wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alitoa TinyMUD, mchezo usiokuwa na alama. Hapo wachezaji walibidi kujiwekea malengo wao wenyewe, na mizani ikawa macho na kumbukumbu ya wenzao.

Sigana ya Nyamgondho wuod Ombare, inayohusishwa na Nyandiwa katika eneo la Gwassi, Homa Bay, huanza kwa upungufu kama ule wa Propp. Nyamgondho ni mvuvi fukara. Siku moja wavu wake unanasa mwanamke mzee badala ya samaki. Anamchukua hadi nyumbani, na pamoja na bikizee huyo mifugo inamiminika bomani. Kwa hesabu ya alama, Nyamgondho amekwisha kufaulu, na hadithi ingeweza kukomea hapo. Lakini hapo ndipo inapoanza kuwa nzito. Akiwa mlevi anamtusi mwanamke yule. Naye anarudi ziwani, mifugo yote ikimfuata. Nyamgondho anabaki ufuoni akitazama, hatimaye anageuka mti.

Mhakiki anayefuata lengo la Nyamgondho peke yake ataiona sehemu ya pili kuwa ni adhabu iliyobandikwa kwa minajili ya mafunzo. Anayefuata lengo la mwanamke ataona msuko mmoja usiokatika: mgeni anahitaji maskani, anayapata, kisha ananyang'anywa kwa tusi. Utajiri haukuwa alama za mvuvi. Ulikuwa amana ya mgeni, na mwenye amana ndiye aliyeshika daftari.

Sigana ya Simbi Nyaima, ziwa lililo karibu na Kendu Bay, inathibitisha hoja hii. Haja ya bikizee anayefika karamuni ni ndogo mno: chakula na mahali pa kujihifadhi. Hata hivyo, hatima ya kijiji kizima inapimwa kwa haja hiyo, na kijiji kinazama. Uzito wa maskani katika mazingira haya si wa kubuni tu. Kuta za mawe za Thimlich Ohinga, katika Migori, zilizoorodheshwa na UNESCO mwaka 2018 kuwa urithi wa dunia, zilijengwa bila saruji, yamkini katika karne ya 16, kuwa ngome ya watu na mifugo yao. Palipo na kuta za namna hiyo, kuwa ndani au nje ya lango ni suala la uhai.

Huenda ikadaiwa kwamba mchezo na sigana havilinganishwi, kwa kuwa mchezaji huchagua ilhali mhusika wa ngano hutamkiwa. Lakini katika siwindhe, nyumba ya pim, yule bibi mlezi, watoto walisikiliza na pia walisimulia. Kila msimulizi alirithi mhusika, akamwendesha mbele ya hadhira iliyokwisha kumjua. Hadhira hiyo ndiyo iliyokumbuka deni ambalo shujaa alilisahau.

Mwaka 1968, Ngugi wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipotaka fasihi simulizi ipewe nafasi ya msingi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, walidai zaidi ya nyongeza ya matini. Dai hilo halijatimizwa kikamilifu iwapo sigana zitaendelea kusomwa kwa daftari la shujaa pekee. Nyamgondho alijua vyema alichokitaka, akakipata. Asichokijua ni kwamba aliyeketi nyumbani mwake naye alikuwa na lengo, na alikuwa akihesabu.