Mwalimu Sikujua na Beti za Muyaka

Muyaka bin Haji alipofariki dunia kiasi cha mwaka 1840, hakuacha diwani. Tungo zake zilibaki vinywani mwa watu wa Mvita, na kinywa, hata kiwe hodari namna gani, hakidumu zaidi ya umri wa mwenyewe. Dola ya Wamazrui aliyoitetea kwa ushairi ilikuwa imekwishaanguka mbele ya Sayyid Said mwaka 1837. Mshairi wa upande ulioshindwa huwa na wachache wa kumkumbuka.

Aliyemkumbuka ni mshairi mwenziwe, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. (Jina hilo lachekesha kidogo kwa mtu aliyejua mengi kiasi hicho.) Katika miaka ya 1880, zaidi ya miaka 40 baada ya kifo cha Muyaka, Mwalimu Sikujua alizikusanya beti hizo na kuziandika kwa hati za Kiarabu, akimsaidia W. E. Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyekuwa akijifunza Kiswahili cha Mombasa. Taylor alizinakili kwa hati za Kirumi na kuandika maelezo pembeni. Sifa ya kazi hiyo aghalabu hupewa yeye, ilhali bila ya Mwalimu Sikujua na wajuzi wengine wa mji, Taylor angekuwa na maneno tu mkononi.

Maana mashairi ya Muyaka ni mashairi ya kujibizana. Ubeti wake wa kawaida una mishororo minne, mizani 16 kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho. Umbo fupi, lililofungwa barabara, linalofaa fumbo kuliko hadithi. Anayesikia habari za chombo kilichopasuka hajui bado kama ni chombo, au ni dola, au ni nyumba ya mtu. Yapasa ajue nani alisema nini jana yake. Mwalimu Sikujua alilifahamu hilo kwa kuwa naye alikuwa mtunzi. Hakuridhika kuyahifadhi maneno. Alihifadhi pia tukio lililoyazaa, mtu aliyelengwa, na maana ya neno ambalo vijana wa zama zake walikuwa wameanza kulisahau. Kwa wahakiki wa leo maelezo hayo yana thamani inayokaribia ya beti zenyewe. Pasipo hayo, sehemu kubwa ya Muyaka ingebaki kuwa majibu ya maswali yasiyojulikana.

Hapa pana jambo ambalo wapenzi wa Muyaka hulipita upesi. Baadhi ya walioichochea fikra yake walikuwa mahasimu. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa ilipoungana na Pate dhidi ya Lamu, mashairi yalivuka bahari kabla ya majahazi ya vita. Upande wa Lamu alisimama Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi na malenga. Kumjibu mtu kama huyo kulimlazimu Muyaka amsikilize kwa makini kuliko rafiki anavyomsikiliza rafiki: alipime kila fumbo, alishike neno la mwenziwe, aligeuze, alirudishe likiwa na makali mapya. Naye Zahidi akafanya vivyo hivyo. Malumbano hayo yalichapishwa na Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff mwaka 1995, katika Mashairi ya Vita vya Kuduhu, na ayasomaye kwa mfululizo huona kwamba ubeti wa Mvita ukitengwa na ule wa Amu hupungua nguvu. Vita viliishia kwa ushindi wa Lamu huko Shela, na Lamu ikaomba hifadhi ya Sayyid Said. Mashairi ya pande zote mbili yakabaki. Haikosi kulikuwa na watu wa Lamu waliozikariri beti za adui wao, na wa Mombasa vilevile. Kwa njia gani nyingine jibu lingeweza kufahamika?

Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890, mwaka mmoja kabla Taylor hajachapisha London mkusanyo wake wa methali za Kiswahili. Diwani ya Muyaka iliyotayarishwa na William Hichens ilitoka Johannesburg mwaka 1940, karne nzima baada ya mwenyewe kuzikwa, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akatoa utafiti ambao hadi leo ndio mlango wa wengi wanaomwendea Muyaka. Miswada ya Taylor imo katika maktaba ya SOAS, London. Humo Mwalimu Sikujua, mshairi kwa haki yake mwenyewe, hukutwa zaidi kandokando ya beti za mwingine, akieleza neno moja, kisha jingine, na nani alikuwa akiambiwa.